Safari ya mifereji ya potasiamu: shajara ya mradi wa aksoni changa

Jumatatu, 5 Mei

Mwalimu ametia sahihi pendekezo langu leo asubuhi, kwa hiyo naanza. Kazi yenyewe ni kuunda ndani ya tarakilishi uzi mmoja wa neva ya mamalia, yaani aksoni, kisha kuukuza tangu siku za kwanza baada ya kuzaliwa hadi ukomavu. Nitafuatilia mifereji ya potasiamu, yaani protini zinazopitisha potasiamu kwenye utando wa uzi, inavyohama kadiri mayelini, kifuniko cha mafuta, inavyoufunika uzi huo. Sitagusa panya wala hadubini. Nina kipakatalishi cha miaka sita, programu ya kuiga neva iitwayo NEURON ambayo hailipiwi, na meza yangu ya dirishani hapa Ngara.

Niandike pia kwa nini. Mwaka 2022 mdogo wangu aliamka na ganzi kwenye nyayo. Siku ya tatu ngazi zikamshinda. Siku ya tano hakuweza kushika kikombe. Hospitali ya kwanza ilimpa dawa za malaria ikamrudisha nyumbani. Ya pili ndiyo iliyoutaja ugonjwa: Guillain-Barré. Kinga ya mwili huzigeukia neva na, kwa aina iliyompata yeye, huishambulia mayelini. Alipona kidogo kidogo, kwa miezi. Katika kupona kwake alikuwa akiniita usiku nikamulike tochi mguuni nione misuli ya shavu la mguu ikirukaruka chini ya ngozi, yenyewe, bila yeye kuiamuru. Nilimuuliza kila daktari. Mmoja alinijibu, "Ni neva zinazojirekebisha, mama," akaenda zake. Tangu siku hiyo nimetaka kujua neva inayojirekebisha hufanya nini hasa.

Jumatano, 14 Mei

Leo nimeshughulika na maneno tu, na sijutii. Nikishindwa kuieleza kazi yangu kwa lugha ninayoota nayo, basi sijaielewa.

Pale chini ya nyumba kuna kijana wa miwa mwenye mkokoteni. Alikuwa anamenya muwa kwa panga, anaukata, anatupa mafundo kando na kuutia ule ulaini katika mfuko wa plastiki. Nikabaki nimesimama hadi akaniuliza, "Dada, nikukatie wa ngapi?" Maneno niliyokuwa nayatafuta wiki nzima yalikuwa mkononi mwake: fundo, na pingili. Sehemu ya aksoni iliyofunikwa na mayelini ni pingili. Kipande kilicho wazi kati ya pingili mbili ni fundo, fundo la Ranvier, kwa heshima ya Louis-Antoine Ranvier, Mfaransa aliyeyaeleza mafundo hayo katika miaka ya 1870. Kwenye neva za mikononi na miguuni, kila pingili imeviringwa na seli moja tu, seli ya Schwann, inayojizungusha na kujizungusha juu ya aksoni mpaka tabaka za mafuta zinakuwa nyingi.

Muwa unadanganya katika jambo moja, nalo ni vipimo. Katika uzi mnene wa neva, pingili ina urefu wa takriban milimita 1, na fundo takriban mikromita 1. Fundo lingekuwa na upana wa kidole changu, pingili ingefika mita 15 hivi, yaani kutoka meza hii hadi ng'ambo ya barabara. Umeme wa neva hujengwa upya fundoni, ukapita haraka chini ya kifuniko, ukajengwa tena fundo linalofuata. Ndiyo maana nyuzi nene zenye mayelini hupitisha ujumbe kwa kasi inayoweza kufika mita 120 kwa sekunde, ilhali zile nyembamba zisizo na kifuniko huenda mita moja hivi, mwendo wa mtu anayetembea.

Na "mfereji"? Wengine wangesema njia au tundu. Lakini hapa Nairobi mfereji ni ule wa maji, hufunguliwa na kufungwa, na protini hizi ndivyo zilivyo. Mifereji ya sodiamu hufunguka kwanza, chaji chanya huingia, volteji hupanda. Ile ya potasiamu huchelewa kidogo kufunguka. Potasiamu, iliyojaa ndani ya seli kwa zaidi ya mara 20 kuliko nje, hutoka na kuirudisha volteji chini. Hiyo ndiyo hadithi ya kitabuni. Mradi wangu unaanzia pale hadithi hiyo inapoacha kutosha.

Alhamisi, 29 Mei

Siku nne zimepotea. Aksoni yangu ilikuwa inatoa misukumo, yaani mapigo ya umeme wa neva, mipana, mizito, inayoburuta miguu. Nilikagua kipenyo, nikakagua ukinzani wa ndani, nikakagua wingi wa mifereji. Nililala saa nane ya usiku siku mbili mfululizo. Leo ndipo nimeona: sikuiambia programu halijoto. Usipoitaja, NEURON huchukua nyuzi 6.3, halijoto ya aksoni ya ngisi ambayo Hodgkin na Huxley walitumia katika milinganyo yao ya mwaka 1952. Nilikuwa nimemweka mtoto wa mamalia ndani ya maji ya bahari baridi.

Nikaandika 37, na msukumo ukafa kabisa. Hilo nalo lina sababu. Milinganyo ya ngisi huzidisha kasi ya mifereji mara tatu kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo kutoka 6.3 hadi 37 kila kitu huenda karibu mara 29. Potasiamu na kufungwa kwa sodiamu vinawahi kabla msukumo haujasimama. Ngisi hawezi kupashwa moto akawa mamalia. Nimeifuta milinganyo yote na kuandika ya mamalia, mstari kwa mstari. Nimebandika karatasi juu ya kioo cha kipakatalishi: HALIJOTO.

Jumamosi, 7 Juni

Stima ilipotea tangu asubuhi hadi saa kumi, nikasoma makala zilizochapwa. Imekuwa siku bora kuliko zile za kuandika msimbo.

Mwaka 1964 Frankenhaeuser na Huxley walikokotoa msukumo wa uzi wenye mayelini wa chura wa Xenopus. Katika fundo la chura, potasiamu ina kazi kubwa, sawa na kwa ngisi. Watu wakadhani kwa mamalia ni vivyo hivyo. Kisha mwaka 1980 Chiu na Ritchie wakaonyesha kwamba fundo la sungura halina mkondo wa potasiamu wa maana. Msukumo hurudi chini bila huo, kwa mifereji ya sodiamu kujifunga na kwa chaji kuvuja. Walipoilegeza mayelini kwa dawa, mkondo wa potasiamu ukatokea. Ulikuwepo muda wote, umefichwa chini ya kifuniko.

Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu. Mifereji mingi kiasi hicho, imetengenezwa kwa gharama ya seli, ikasafirishwa umbali wote huo, kisha ikafungiwa chini ya mayelini mahali ambapo karibu haisikiki. Mwili haufanyi ufujaji wa namna hiyo bila sababu. Na nadhani sababu yake haionekani kwa mtu mzima, kwa kuwa kazi kubwa ilifanyika utotoni.

Leo tunaijua hata anwani ya mifereji hiyo. Kando ya fundo kuna pambizo, ambapo protini ya Caspr na wenzake huishona mayelini kwenye aksoni. Nyuma ya mshono huo, chini ya kifuniko, ndipo Kv1.1 na Kv1.2, aina mbili za mifereji hiyo ya potasiamu, hukaa kwa msongamano, zimeshikiliwa na protini za Caspr2 na TAG-1. Panya waliozalishwa bila Caspr, katika kazi ya mwaka 2001, mshono wao haukukaza na mifereji ya potasiamu ikateleza hadi pambizoni. Mshono ndio boma.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata ramani ya mradi mzima: kazi ya Vabnick, Shrager na wenzao ya mwaka 1999, juu ya neva ya nyonga ya panya wachanga. Ninainakili hapa kwa maneno yangu, maana kila nitakachofanya kitapimwa nayo.

Siku 1 hadi 3 baada ya kuzaliwa, mifereji ya sodiamu tayari imejikusanya kwenye mafundo. Ya potasiamu bado imesambaa, lakini inafanya kazi: inafupisha msukumo na muda wa mapumziko yanayoufuata. Karibu wiki ya kwanza ikiisha, ya potasiamu nayo inajikusanya, na inajikusanya mahali pasipotarajiwa, ndani ya fundo lenyewe na pambizoni. Kati ya wiki ya 2 na ya 4 inahamia nyuma ya pambizo, chini ya mayelini, na kukaa huko. Walipoiziba mifereji hiyo kwa dawa katika kipindi cha kuhama, kichocheo kimoja kilizaa misukumo kadhaa mfululizo. Waliporudia kwa neva iliyokomaa, kuziba hakukubadilisha mambo sana.

Kwa hiyo hatari kubwa haiko mwanzoni kabisa, wala mwishoni. Iko katikati, mayelini ikiwa imeshafika lakini haijakaza. Nimeliandika hilo kwa kalamu nyekundu.

Jambo moja zaidi la kushangaza: katika wiki tatu za kwanza, mara nyingi mifereji hujikusanya upande mmoja tu wa fundo. Katika mafundo kama asilimia 40 ilikuwa upande wa mbali na mwili wa seli peke yake.

Jumatano, 2 Julai

Nimekwama, nikaenda kumwona mwalimu. Kielelezo changu cha kwanza kiliichukulia mayelini kama kizibo kamili: ndani ya pingili hakuna kinachopita, kila kitu ni mafundo. Kilifanya kazi vizuri mno. Nikiondoa potasiamu katika aksoni changa, msukumo unanenepa kidogo, basi. Hakuna kurudiarudia.

Mwalimu aliutazama mchoro bila kusema kitu kwa muda. Kisha akachukua kalamu ya mafuta, akachora mstari wa aksoni, mstari wa mayelini, na kati yao nafasi nyembamba sana.

"Hapa katikati umeweka nini?"

"Hakuna kitu, Daktari. Ni nanomita 15 tu."

"Mwanangu, maji hupita kwenye ufa mwembamba kuliko huo. Weka nafasi hiyo, halafu uniambie mlango wake uko wapi."

Mlango wake ni pambizo. Nimerudi nyumbani kwa miguu kutoka Chiromo nikiliwaza hilo, nikavuka barabara ya Waiyaki bila kukumbuka jinsi nilivyovuka. Pambizo likiwa limekazwa, mkondo wa fundoni hauingii chini ya kifuniko kwa urahisi. Likiwa bado changa, limelegea, mkondo unapenya, na utando mrefu wa aksoni ulio chini ya mayelini unajaa chaji polepole. Na kilichojaa polepole humwagika polepole.

Wiki hii ninaandika upya kila kipande kwa tabaka mbili: utando wa aksoni, na juu yake mayelini, na nafasi katikati yenye ukinzani ninaoweza kuukaza au kuulegeza. Pingili za uzi mchanga nimezifupisha, mikromita 250, kwa kuwa seli za Schwann huanza zikiwa fupi na kurefuka pamoja na kiungo kinachokua.

Jumamosi, 12 Julai

Baridi ya Julai, mawingu hayajaondoka tangu Jumatatu. Nimetembea hadi kwenye hifadhi ya nyoka, Makumbusho ya Taifa, kwa sababu ya kikazi.

Dawa inayotumiwa maabarani kuziba mifereji ya Kv1 kwa ustadi mkubwa hutoka katika sumu ya koboko. Inaitwa dendrotoksini, na Harvey na Karlsson waliieleza mwaka 1980 kutoka kwa koboko wa kijani, Dendroaspis angusticeps, huyu wa miembe na mikorosho ya Pwani yetu. Koboko mweusi ana zake pia. Nilitaka kumwona mnyama ambaye mwili wake uliifahamu mifereji hii kabla ya sayansi kuipa jina.

Koboko mweusi alikuwa amelala juu ya tawi nyuma ya kioo. Watoto wa shule waliokuwa mbele yangu walisikitika kwamba si mweusi, na kweli si mweusi: ni wa kijivu kilichofifia, kama zege lililolowa. Weusi uko ndani ya kinywa. Alipiga mwayo mmoja nikauona, mweusi kama wino, kisha akafunga. Mwalimu wao akawaambia wasigonge kioo.

Sumu hiyo ikifika kwenye ncha za neva, breki ya potasiamu huondoka, kemikali ya kuamrisha misuli humwagwa kupita kiasi, na misuli huanza kutetemeka. Nilisimama pale nikakumbuka tochi yangu na mguu wa mdogo wangu. Sisemi kwamba ni kitu kilekile. Nasema kwamba nilielewa kwa macho yangu nafasi ya breki mwilini.

Ziko pia kemikali rahisi zaidi zenye kazi inayofanana. 4-aminopiridini huziba mifereji ya potasiamu, na tangu Januari 2010 imeidhinishwa Marekani kusaidia kutembea kwa wagonjwa wa skilerosisi anuwai, ugonjwa unaokula mayelini ya ubongo na uti wa mgongo. Pale mayelini ilipochunika, mifereji iliyokuwa imefichwa inafunuliwa na kuvujisha msukumo kabla haujavuka. Kuiziba kunaurudishia msukumo nguvu. Mfereji uleule, mahali pamoja ni mlinzi, mahali pengine ni mwizi.

Jumapili, 27 Julai

Imetokea usiku wa kuamkia leo, saa saba na robo.

Niliweka aksoni ya kipindi cha kuhama: mafundo 21, pingili fupi, mshono wa pambizo umelegezwa, potasiamu fundoni na pambizoni. Kichocheo kimoja. Msukumo mmoja ukapita hadi mwisho, safi. Nikaiweka potasiamu kuwa sifuri, nikabonyeza tena, nikaenda kuzima jiko maana uji ulikuwa unafurika. Niliporudi kulikuwa na misukumo mitatu kwenye kioo. Kichocheo kimoja, misukumo mitatu, mmoja nyuma ya mwingine, kama mtu anayebisha hodi wakati mlango umeshafunguliwa.

Sikuamini. Nilikagua halijoto kwanza (37). Nikapunguza hatua ya muda kutoka milisekunde 0.025 hadi 0.005, kwa kuwa hatua ndefu huweza kuzua mambo yasiyokuwepo. Mitatu bado. Nikachora volteji ya utando ulio chini ya mayelini, na jibu likawa wazi mbele yangu. Baada ya msukumo wa kwanza, fundo lilishuka haraka. Chini ya kifuniko, volteji ilibaki juu, ikitelemka taratibu kama mlima wa Longonot ukiutazama kutoka Naivasha. Fundo likawa limemaliza mapumziko yake wakati jirani yake wa chini bado amejaa. Chaji ikarudi fundoni kupitia mshono uliolegea, ikavuka kizingiti, likafyatuka tena. Potasiamu ikiwepo, mteremko huo unakatwa mapema na fundo linabaki kimya.

Kisha nikaukaza mshono, nikairefusha pingili hadi milimita 1, nikaihamishia mifereji nyuma ya pambizo: ukomavu. Msukumo mmoja. Nikaondoa potasiamu: msukumo mmoja, karibu umbo lilelile. Ndivyo neva za panya zilivyofanya mwaka 1999. Nililia kidogo, nisiseme uongo.

Mchana nimeongeza kwenye fundo lililokomaa mivujo ya TREK-1 na TRAAK, mifereji mingine ya potasiamu, ambayo mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba ndiyo hushika fundo la mamalia kwa potasiamu isiyosubiri kufunguliwa na volteji. Fundo limetulia zaidi. Jaribio la baridi pia nimelifanya, kwa sababu panya wasiokuwa na Kv1.1 neva zao hurudiarudia misukumo zikipozwa. Matokeo yake nitayapanga wiki ijayo, yanahitaji utulivu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mdogo wangu amekuja na mama. Amepanda ngazi za ghorofa ya nne bila kushika ukuta. Nimemhesabia hatua kimoyomoyo, kama kawaida yangu.

Baada ya chai nilimwonyesha. Nilianza na kazi nyingine ya 1998, ile ya panya ambao mayelini yao ilivuliwa kisha ikaachwa ijifunike upya. Mifereji ya potasiamu ilirudi fundoni, ikapita pambizoni, ikaishia chini ya kifuniko. Aksoni ya mtu mzima inayopona inapita njia ileile iliyoipita ikiwa changa, kituo kwa kituo.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo mguu wangu ulikuwa mchanga tena."

"Neva zake, ndiyo. Kwa muda."

"Na zile rukaruka?"

Nilimweleza ninachokiamini na mpaka wake. Kielelezo hiki ni cha uzi mmoja, na mguu una nyuzi maelfu kwa maelfu. Rukaruka kama zile huweza kutoka mahali pengi. Lakini uzi ambao mshono wake haujakaza, na mlinzi wake hajafika mahali pake, una kila sababu ya kufyatuka mara tatu ukiguswa mara moja.

Mama aliuliza kama mashine inaweza kuonyesha hiyo mara tatu. Niliweka potasiamu sifuri nikabonyeza. Mistari mitatu ikapanda. Mama alivuta kiti karibu, akagusa kioo kwa ncha ya kidole, mmoja, wa pili, wa tatu. Mdogo wangu alikuwa ameweka mkono juu ya shavu la mguu wake bila kujua.

"Irudishe, dada," akasema.

Nikaandika tena wingi wa mifereji, nikabonyeza. Ukapanda mmoja, ukashuka, na mstari ukaenda sawa hadi mwisho wa kioo.